Siku Avenyu ya Juu Ilipokaa Kimya

Papa yangu hakuwa na chombo cha kumwambia kwamba umeme unarudi. Alikuwa na watoto wa avenyu ya juu.

Nieleze vizuri, maana mtu wa mji mwingine anaweza kufikiri ninatania. Hapa Kamina umeme haukai. Unakuja, unaenda, na ukirudi haurudi kwa watu wote mara moja. Kule kabini, kijumba cha kugawia umeme, anayefungulia huanza na laini ya avenyu ya juu, inayopita karibu na kanisa, halafu ndipo anashika laini yetu sisi wa chini, tunaokaa upande wa njia ya treni. Kati ya moja na nyingine kunakuwa na nafasi. Siku nyingine ni nafasi ya kuchemsha chai, siku nyingine ni ya kupiga chafya tu. Na umeme ukifika juu, watoto wote wa kule wanatoka nje: "Iyooo! Iyooo! Kuran imekuya!" Kuran ni umeme kwa lugha yetu. Wamama wanapiga vigelegele, mbwa nao wanaingia katika wimbo. Sisi wa chini tukisikia, tunakimbilia kuchomeka simu na pasi, tunangojea zamu yetu.

Papa akisikia, alikuwa anashuka ngazi.

Si yeye peke yake. Mafundi wote wa umeme wa upande wetu walifanya hivyo. Waya unaotoka kwenye nguzo na kuingia nyumbani huwezi kuuzima ukiwa nyumbani. Ni mtu wa kabini tu anayeweza. Na mtu wa kabini ukimpigia, simu inalia mpaka inachoka yenyewe. Basi mafundi wanangoja umeme uende, wanapanda wakati huo, wanashika waya kwa mikono mitupu kama mtu anayeshika mkia wa ng'ombe aliyelala. Masikio yanabaki juu. "Masikio njo dijonkteri yangu," Papa alikuwa anasema, yaani ndiyo swichi yake ya kukata umeme, na wateja wanacheka.

Mimi sikucheka. Lakini mimi sicheki sana mbele ya watu, na siongei sana pia. Darasani mwalimu akiniuliza, ninajibu, ila ananijia mpaka karibu na benchi ndipo anasikia. Wenzangu wananiita radio bila betri. Nimezoea. Mtu asiyeongea anapata nafasi ya kuangalia, na mimi nilikuwa nimeangalia mikono ya Papa tangu nikiwa mdogo. Kuna siku alirudi kutoka kazini na mkono mmoja unaning'inia kando yake kama si wake. Mama akauliza, naye akasema: "Umenisalimia tu." Ndivyo alivyoita kupigwa na umeme. Kusalimiwa. Kama ni jirani.

Rafiki yake wa zamani, aliyefanya naye kazi katika karakana ya reli kabla Papa hajaanza kujitegemea, hakusalimiwa hata na umeme. Ngazi iliteleza tu juu ya sementi yenye maji, akaanguka kutoka urefu usiofika hata paa la nyumba. Sasa anauza vitunguu kwenye kona ya njia ya shule yetu, na anapotembea anaenda upande kama kaa. Kila asubuhi ninamsalimia na kila asubuhi ananijibu: "Mwambie Papa yako, ngazi haina rafiki." Sikuwahi kumfikishia Papa maneno hayo. Niliona kama ninabeba kitu kibaya na kukiingiza nyumbani.

Siku ninayotaka kuandika ilikuwa Jumapili, na kulikuwa na mpira saa za mchana. Mwenye baa ndogo ya avenyu yetu, mtu mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka mbali, alikuwa amealika nusu ya mtaa kuja kutazama kwenye televisheni yake mpya. Lakini upepo ulikuwa umekata waya wake kwenye nguzo. Akaja kumwomba Papa aurudishe, ili umeme ukija tu, mpira uonekane. Ngazi yetu ya mbao ilikuwa imevunjika kidato. Mwenye baa akasema hapana tatizo, yeye ana ngazi ya chuma, nzuri, nyepesi.

Mama aliposikia neno chuma aliacha kuosha vyombo.

Tena siku ile ile kulikuwa na kilio avenyu ya juu. Mzee mmoja aliyeongoza treni miaka mingi, aliyemfahamu Papa vizuri, alikuwa amefariki, na mwili ulikuwa umeletwa nyumbani baada ya misa. Mama alikuwa amevaa tayari.

"Kwa kilio hauende?" alimwuliza Papa.

"Nitaenda kisha mupira."

"Kisha mupira! Mufu akungojee weye umalize mupira?"

"Mufu hana haraka, mama. Ule wa baa njo iko na haraka."

"Usiseme maneno ya namna ile siku ya Mungu."

"Basi, musalimie. Mwambie ninakuya."

Mama alichukua beseni la unga, akanipa mimi dumu la maji nibebe, tukapanda kwenda juu. Niligeuka mara moja. Papa alikuwa anatia tesita yake kwenye mfuko wa shati, ile bisibisi yenye taa ndogo ndani inayowaka ikigusa umeme. Simu yake aliiacha mezani, ilikuwa imezimika tangu jana kwa kukosa umeme wa kuichaji.

Kwenye kilio walikuwa wamefunga turubai kubwa la buluu kutoka ukutani mpaka kwenye mti wa parachichi. Wamama walikaa chini juu ya mikeka, wanaume kwenye viti vya plastiki. Wanaimba kwa Kiluba, wananyamaza, wanaanza tena. Nyuma ya nyumba dada mkubwa wa marehemu alikuwa anasimamia masufuria ya bukari, ugali wetu, mwiko mkononi, macho mekundu, na hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike. Watoto wa avenyu nzima walikuwa pale kwa sababu ya chakula. Mmoja alianza kucheka kwa nguvu, na yule mama akamgeukia.

"Weye! Na bote musikilize. Leo kuran ikikuya, hakuna mutoto wa kupiga iyoo hapa. Tuko na mufu mu nyumba. Nikisikia mutu moja tu, huu mwiko utakuwa wake."

"Hata kidogo, mama mukubwa?" mtoto mmoja aliuliza.

"Hata kidogo nini? Unafurahia nini mbele ya mufu? Lampe?"

Wamama waliokuwa karibu wakatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tufike. Mimi pia nilitabasamu. Nilikuwa ninamenya vitunguu. Hakuna kilichonigonga moyoni. Ilikuwa haki kabisa: nani angeshangilia umeme mbele ya maiti?

Tulikaa muda. Jua lilianza kuinama. Nilikuwa nimehamia barazani kugawa maji kwa wazee, na juu ya kichwa changu kulikuwa na glopu iliyoning'inia kwenye waya wake, ya vumbi, imekufa kama nyingine zote. Nilikuwa nainua kikombe kumpa mzee mmoja asiyeona vizuri. Glopu ikawaka.

Hapakuwa na sauti yoyote. Ndani, friji ilianza kukoroma polepole. Wamama waliangalia juu, halafu chini. Mtoto mmoja mdogo sana alifungua mdomo wote, akakumbuka, akajiziba kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Wenzake wakacheka bila kutoa sauti, wanasukumana mabega. Avenyu yote ya juu ilikuwa imepata umeme na hakuna hata mbwa aliyelia.

Kikombe kilibaki mkononi mwangu. Nilikuwa nikingoja kelele. Mwili wangu wote ulikuwa unazingoja, kama unavyongoja mguu wa pili ushuke mtu anapotembea darini. Hazikuja. Ndipo nikaelewa kwamba kule chini, juu ya ngazi ya chuma, kuna mtu mwingine anazingoja.

Sikumuaga Mama. Nilimpa yule mzee kikombe, sijui kama alikishika, nikatoka.

Kutoka juu mpaka kwetu kuna mteremko wa mchanga, na mvua zimeuchimba katikati. Kwa baiskeli watu wanashuka wakiburuza miguu. Nilikimbia na kitenge cha kilio kimefungwa kiunoni, kikanifunga magoti, nikakivuta nikakitupa njiani, nikabaki na sketi ya ndani. Ninaandika hivi kwa sababu ni kweli. Watu wa pikipiki walinipigia honi. Mmoja akasema: "Mutoto anakimbia mwizi ama mwizi iko njo yeye?" Nyumba zote za kushoto zilikuwa tayari na taa. Za kulia, za laini yetu, bado giza la mchana ndani ya madirisha. Niliendelea kuangalia za kulia. Bado. Bado. Nilikuwa ninazihesabu si kwa namba, kwa pumzi.

Mbele ya baa walikuwa wamejaa. Vijana wamepanga viti nje, chupa mkononi, televisheni nyeusi imewekwa juu ya kreti. Papa alikuwa juu, kichwa chake kimefika kwenye vikombe vya nguzo vinavyoshika waya, mguu mmoja kwenye kidato na mwingine umejishikiza kwenye chuma cha nguzo. Wanamtania.

"Vye, mzee wetu, uko unafunga waya ama unasuka nywele?"

"Mupira umekwisha kuanza! Shuka tupandishe mwingine!"

"Panda weye," Papa alijibu bila kuangalia chini. "Nitakuachia hata ngazi."

Wakacheka. Alikuwa na furaha. Hilo linaniuma zaidi ya mengine. Alikuwa mtu anayefanya kazi anayoijua, watu wake wakiwa chini yake, na masikio yake yakisikiliza upande ambao leo usingemwambia kitu.

"Papa!"

Ilitoka kama ile ya darasani. Hakuna aliyesikia. Nikasukuma viti, nikafika chini ya ngazi, nikataka kuishika, nikakumbuka ni chuma, nikarudisha mikono. Nikaita tena. Safari hii ilitoka sauti ambayo sikuifahamu, mbaya, nene, kama ya mwanamume anayegombana. Vijana wote wakageuka.

Papa akaangalia chini. "Nini?"

"Kuran iko juu! Kwa kilio! Bamekataza batoto!"

Maneno hayo mtu mwingine asingeyaelewa. Yeye aliyaelewa hapo hapo. Niliona uso wake unabadilika, niliona vidole vinafunguka na kuachia waya, vinarudi nyuma. Kidogo tu vingekuwa mbali. Televisheni juu ya kreti ikawaka, mtu akapiga kelele ya furaha, na Papa akatoa sauti fupi kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Akaruka kutoka kwenye nguzo. Sisemi alianguka. Alirushwa. Akapiga ukingo wa mfereji wa sementi kwa upande wa nyonga, na ngazi ikamfuata, ikalala kando yake, na waya aliouacha ukaja kulala juu ya ngazi.

Watu wakakimbia kwake wote pamoja. Mwenye baa alikuwa wa mbele, amenyoosha mikono yake mikubwa ainue ngazi.

"Musiguse!" Ni mimi tena. "Ngazi iko na kuran! Musiguse!"

Akasimama, mikono hewani. Ninafikiri alisimama kwa mshangao, kwa sababu miaka yote nimepita mbele ya baa yake hajawahi kunisikia hata nikijibu jambo. Nikamwonyesha benchi la mbao. Akalielewa benchi. Yeye na kijana mmoja wakalishika miguu, wakausukuma waya kwa upande wa juu wa benchi, ukatoka kwenye ngazi ukitoa cheche, ukaangukia mchangani. Wakaisukuma na ngazi. Mtu mwingine alikuwa tayari anakuja na ndoo ya maji. "Mumwagie! Umeme utoke!" Mwingine anaita maziwa ya kumnywesha. Nilikaa chini kati ya Papa na ndoo, nikamwambia yule mtu kwamba akimwaga nitamwuma. Nilikuwa nimekusudia kweli kumwuma.

Papa alikuwa anapumua. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Alinitazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Kitenge chako iko wapi?"

Walimpeleka hospitali kwenye mkokoteni wa magunia ya mahindi, amelala juu ya lile benchi, vijana wa mpira wakisukuma na hakuna tena aliyekumbuka mpira. Kila shimo la barabara lilimtoa sauti. Mama alitukuta njiani. Alikuwa ameniona nikitoka mbio, na alikuwa anashuka na kitenge changu mkononi. Alikiokota mchangani bila kujua bado kwa nini kiko pale.

Daktari alisema nyonga imepasuka. Kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia kulikuwa na alama nyeupe, ndogo, kama mtu alimzimia sigara. Daktari aliuliza alikuwa ameshika waya au ameugusa tu, na Papa akasema alikuwa anauachia. "Ungekuwa umeushika," daktari alisema, akakunja ngumi yake mbele yetu polepole, akaibakiza imekunjwa. Mama alitoka nje.

Katika wiki zile watu wengi walikuja kutuona, na kila mmoja alileta ndizi na maelezo. Maelezo yalikuwa yale yale: marehemu alimwita. Papa alimdharau mfu kwa ajili ya mpira, mfu akamshika mguu. Wajomba zangu walisema hivyo. Mama wa jirani alisema hivyo mbele yangu, akaongeza kwamba hata mtoto, yaani mimi, siku ile niliongea kwa sauti isiyo yangu. Akaniangalia kama anangoja nithibitishe. Nikaingiza ndizi zake ndani. Mama alirudi kwenye kilio siku ya kuondoa mikeka, akapiga magoti, akaomba msamaha kwa dada wa marehemu. Yule mama akalia kuliko alivyolia siku ya maziko. Alidhani kosa ni la mwiko wake.

Papa alikataa yote. "Mufu haiko na maneno. Ni minyi mwenyewe. Roho yangu niliitia mu kinywa ya batoto ya bantu." Alisema hivyo kitandani, na mimi nilifurahi, nikafikiri basi, imekwisha, ameelewa.

Haikuwa imekwisha. Alipoanza kutembea na fimbo, watu walianza tena kuja. Mwenye duka mmoja wa avenyu yetu, mtu mpole, waya wake uliungua kwenye nguzo. Papa akasema hana shida, atakuja kuangalia tu. Kuangalia tu. Nilimfuata. Umeme ulikuwa umekwenda. Ngazi ilikuwa ya mbao, mpya, imeegemea ukuta. Papa alimpigia mtu wa kabini, akaweka simu sikioni, ililia, ililia. Akairudisha mfukoni, akanikabidhi fimbo. Kisha akasimama kidogo, kichwa amekiinamisha upande, kama alivyokuwa akifanya zamani.

Aliweka mguu kwenye kidato cha kwanza. Halafu goti lake likaanza. Lilitetemeka mpaka ngazi nzima ikawa inagonga ukutani, tko tko tko, kama mtu anabisha hodi. Mwenye duka aliangalia chini kwa heshima. Papa akashuka.

"Leo mvua itanyesha," alisema.

Ilikuwa katikati ya kiangazi. Juu hapakuwa na hata wingu la kufunika ndege.

"Ndiyo, Papa," nikasema.

"Basi kesho?" mwenye duka akauliza.

"Kesho. Asubuhi mapema, mbele kuran ikuye."

Ile kesho ndiyo leo. Ninaandika haya nikiwa nimekaa kitandani, na ninamsikia uani anafungua sanduku la kazi, anafunga, anafungua tena. Anamwuliza Mama. Mama anasema hajui, na ni kweli hajui. Koleo ziko chini ya godoro langu, ninazisikia zikinichoma nilipokaa. Bisibisi pia, na tesita. Sijui kudanganya, akiniuliza nitamwambia ziko wapi. Na nitamwambia kwamba siinuki hapa juu ya godoro.

Fimbo yake inagonga sementi ya baraza. Anakuja.